Jembe, maksai, pawatila au trekta: mkulima wa ekari tano achague nini?

Mwenye ekari tano za mahindi Maswa, mwenye majaruba mawili ya mpunga Mbarali na mwenye ekari moja ya migomba na kahawa Rungwe, wote huambiwa jambo moja: waachane na jembe la mkono. Ushauri mzuri, mpaka pale wanapouliza waende kwenye nini. Hapo kila mtu ana jibu lake. Muuza mashine anasema pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, mwanasiasa anasema trekta, na mzee wa kijiji anasema ng'ombe wa plau, maana ndio waliomsomeshea watoto.

Hapa naziweka zana hizo nne pamoja kwa ajili ya familia inayolima ekari moja hadi kumi Tanzania, hasa kwa kutegemea mvua. Bei ninazozitumia ni za mfano wa hesabu tu. Bei ya dizeli, ya kibarua na ya ng'ombe hubadilika kila wilaya, kwa hiyo toa zangu uweke za kijijini kwako, hesabu itakwenda vilevile.

Kabla ya kulima, tazama palizi

Karibu kila mtu anayelinganisha zana za kilimo anauliza ekari ngapi kwa siku. Hilo ni swali la kulima. Lakini mahindi yanahitaji kupaliliwa ndani ya wiki mbili tatu baada ya kuota, kisha mara ya pili kabla majani yake hayajafunga shamba, na kazi hiyo haingoji. Familia nyingi zinashindwa hapo, trekta likiwa limeshaondoka zamani na likiwa limeshalipwa.

Chukua familia yenye ekari nne. Tuseme trekta la kukodi ni shilingi 60,000 kwa ekari kulima na 40,000 kupiga haro, yaani kuvunja mabonge. Ekari nne ni 400,000. Palizi ya vibarua tuseme 50,000 kwa ekari, mara mbili kwa msimu: ekari nne ni 400,000 nyingine. Kwa maneno mengine, palizi inagharimu sawa na kulima, ila haionekani kwa sababu mara nyingi haifanywi na kibarua wa kulipwa. Inafanywa na mama na watoto, na hakuna anayeiandika.

Sasa baba anaona trekta limelima haraka, anaongeza ekari nyingine nne. Kulima kunakwisha kwa siku mbili. Mvua inashika, magugu yanaota ekari zote nane kwa wakati mmoja, na mikono ni ileile. Shamba lililopaliliwa vizuri likitoa gunia nane kwa ekari, ekari nne zinatoa 32. Shamba lililozidiwa na magugu likitoa gunia nne, ekari nane zinatoa 32 vilevile. Gunia ni zile zile, ila mbegu, mbolea na trekta vimelipiwa mara mbili, na mama ameinama shambani mwezi mzima zaidi.

Kwa hiyo zana yoyote tunayoitazama hapa ninaiuliza kwanza inafanya nini baada ya mbegu kuota.

Kwa mtazamo wa haraka

| | Jembe la mkono | Jozi ya maksai | Pawatila | Trekta |
|---|---|---|---|---|
| Kulima | Ekari moja kwa wiki mbili hadi tatu, mtu mmoja | Nusu ekari hadi ekari moja kwa siku | Ekari moja hadi mbili kwa siku, kwenye tope | Saa moja hadi moja na nusu kwa ekari |
| Palizi | Ndiyo, kwa jasho | Ndiyo, ukipanda kwa mistari | Kwa nadra | Kwa mkulima mdogo, hapana |
| Inakwama wapi | Eneo na muda | Ndorobo (mbung'o), ukame, magonjwa | Udongo mgumu mkavu | Visiki, vishamba vidogo, madeni |
| Thamani baada ya miaka mitano | – | Wanauzika mnadani | Imeshuka sana | Imeshuka, lakini linauzika |

Jedwali linaficha mengi, hasa kwenye safu ya maksai na ya trekta, na hizo ndizo nitakazokaa nazo.

Jembe la mkono

Hili halina haja ya maneno mengi. Bado linalima sehemu kubwa ya mashamba ya wakulima wadogo nchini, na umaskini mwingi wa vijijini unaanzia kwenye mpini wake: mtu anaishia kulima eneo ambalo nguvu zake zinafika, mvua nzuri ya kwanza inapita hajamaliza kutifua, na kila wiki anayochelewa kupanda inakata mavuno.

Hata hivyo kuna mahali ambapo jembe ni uamuzi sahihi. Kihamba cha Kilimanjaro, migomba na kahawa za Rungwe, miteremko ya Uluguru, bustani ya mboga ya robo ekari: huko plau halipiti na trekta haligeuki. Mwenye shamba la namna hiyo akitaka kuongeza kipato, fedha yake iende kwenye miche bora, samadi, bomba la kumwagilia au ng'ombe wa maziwa wa kufugia ndani. Kumuuzia mashine ya kulima ni kumwibia.

Maksai

Usukumani plau lilienea pamoja na pamba, na mpaka leo ukipita Magu, Bariadi au Maswa mvua za kwanza zikianza utaona jozi mashambani kabla jua halijapanda. Mbozi nako ni hivyo hivyo kwa mahindi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Mbeya ulikuwepo mradi mahsusi wa kueneza maksai, si kwa kulima tu bali na kwa palizi na mikokoteni.

Mtu asiyewahi kuwatumia hudhani ni kufunga nira na kuswaga. Kuna ufundi. Maksai wa kulia hutembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, wa kushoto juu ya udongo mzima, na hiyo ndiyo inayonyoosha mstari. Mnyororo kati ya nira na plau ukiurefusha, plau linazama zaidi. Ukiufupisha, linaelea juu na kukwangua. Mkulima mgeni huona plau haliingii, akalikalia kwa uzito wake wote mpaka ng'ombe wanalala chini, kumbe ilikuwa kuongeza pingili mbili za mnyororo. Kazi ni ya asubuhi, kwa muda wa saa nne hadi sita hivi, kisha wanafunguliwa wakale. Ukiwalazimisha mpaka saa nane mchana, kesho hawaamki.

Ubora wao mkubwa uko kwenye palizi. Ukipanda kwa kamba, mistari ikawa sentimita 75 na imenyooka, kalitiveta ya kukokotwa na ng'ombe inapita katikati ya mistari na kung'oa magugu ya ekari nzima kwa siku moja au mbili. Kinachobaki ni yale yaliyo kwenye shina, ambayo mtu huyaondoa kwa jembe bila kukimbizana na muda. Inachukuliwa kuwa jambo dogo, lakini ni hapa familia inapopata uwezo wa kutunza ekari sita badala ya tatu. Cha ajabu ni kwamba nyumba nyingi zenye plau hazina kalitiveta. Mwanaume alinunua zana ya kazi yake. Ya kazi ya mkewe ikasubiri msimu ujao, na msimu ujao mwingine.

Pili, maksai hawashuki thamani kama chuma. Tuseme jozi ni milioni 2, na plau, kalitiveta, nira na minyororo ni laki sita. Unawanunua wakiwa na miaka mitatu, unawafanyisha kazi mpaka wana saba au nane, kisha unawapeleka mnadani wakiwa na mwili kuliko ulivyowanunua, unanunua wadogo. Katikati hapo wamekupa samadi, wamekokota mkokoteni wa maji, matofali na magunia, na umelimia majirani kwa fedha. Kwa nyumba maskini hii si hesabu ndogo: ndiyo zana pekee kati ya hizi nne ambayo ni akiba pia. Mtoto akilazwa, trekta huwezi kukata gurudumu moja ukauza.

Sasa ubaya wao. Mvua zinaanza Novemba, na Oktoba ndio mwezi ambao ng'ombe amekonda kuliko wote. Wakati unaomhitaji ndio wakati hana nguvu. Dawa yake inajulikana: kusanya mabua ya mahindi, majani ya karanga na ya maharage baada ya mavuno, yaweke juu ya chanja yasinyeshewe wala kuliwa na mifugo ya watu, na kuanzia Septemba mpe maksai pumba kidogo kila jioni. Watu wengi wanajua na hawafanyi, kwa sababu mabua huachwa shambani yakaliwa na yeyote.

Magonjwa ni kikwazo cha kweli. Ndigana kali inaua haraka, chambavu vilevile, na penye ndorobo nagana humaliza kundi. Ukanda wa misitu ya Tabora, Katavi na sehemu za Rukwa una maeneo ambayo kuanza na maksai ni kucheza kamari. Kabla hujanunua, uliza maswali mawili: josho la karibu linafanya kazi, au kuna mtu wa kuogesha kwa pampu? Na mtaalamu wa mifugo yuko umbali gani? Majibu yakiwa mabaya, ondoa maksai kwenye orodha yako.

Na kuna la mtoto. Jozi isiyofundishwa vizuri inahitaji mtu wa kuongoza mbele, na mara nyingi ni mvulana wa shule, Novemba hadi Januari. Maksai waliofundishwa kusikia jina na amri wanaendeshwa na mtu mmoja aliyeshika plau. Wiki kadhaa za mafunzo zinamrudisha mtoto darasani. Ningependa kila anayegawa ng'ombe kwa mradi aanze na hilo.

Punda nao wanastahili sentensi moja. Hawawezi kuvuta plau kwenye udongo mzito, lakini kwenye udongo mwepesi wa kichanga wanapalilia na kubeba vizuri, wanastahimili ukame kuliko ng'ombe, na Ugogo wanawake wengi wanawatumia bila kungoja mwanaume.

Pawatila

Pawatila ilipata jina baya nchini bila kosa lake. Baada ya mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, halmashauri nyingi zilinunua na kugawa mashine hizi, pamoja na mahali ambapo udongo ni mfinyanzi mkavu unaopasuka kiangazi. Injini ya nguvu farasi 12 hadi 16 haiwezi kuvunja udongo ule. Rotavata, yaani vile vya kuzunguka vinavyotifua udongo, iliruka juu juu, mikanda ikakatika, na wenye mashine wakagundua kwamba zikifungwa tela zinabeba mizigo vizuri. Nyingi zikaishia hapo.

Ipeleke kwenye jaruba lenye maji uone. Skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika miaka ya 1980, ilionyesha mapema kwamba mpunga wa umwagiliaji, mbegu za mpunga mfupi, miche ya kupandikizwa kwa mstari na mashine ya kuvuruga tope vikienda pamoja, mavuno yanapanda sana. Iliacha na somo lingine ambalo wauza mashine hawalisemi: wakulima wa juu ya mto walivutiwa, nao wakafungua majaruba yao, na maji ya skimu yakapungua mpaka eneo lililokusudiwa likashindwa kulimwa lote. Mashine inaongeza kasi ya kulima, maji haiyaongezi.

Mbarali, Kilombero na skimu nyingine zinazofanana, pawatila ndiyo ningeiweka mbele. Inageuka ndani ya jaruba dogo, haizami kama trekta kubwa, inahama kijiji kwa kijiji na tela lake, na fundi wa pikipiki mwenye akili anaweza kuifungua. Mwea nchini Kenya wakulima wamechanganya: trekta la rotavata linapita kwanza, kisha ng'ombe wanasawazisha tope. Hilo linanifurahisha, maana linaonyesha kwamba aliye shambani hajali zana ipi ni ya kisasa, anajali jaruba likae sawa ili maji yasimame kina kimoja.

Tatizo la pawatila ni umiliki. Mkulima mmoja wa ekari mbili hawezi kuilipa peke yake, kwa hiyo hununuliwa na kikundi, na mashine ya kikundi hufa mapema kuliko ya mtu. Kila mtu anaitumia, hakuna anayebadilisha oili. Nitarudi hapo.

Kwenye kununua, usidanganyike na injini inayowaka kwa mara moja. Uliza kama vipuri vya aina hiyo hiyo vinauzwa mji wa karibu: mikanda, beringi na vile vya rotavata. Vile vinalika, hasa penye mchanga, na ndivyo utakavyonunua kila msimu. Kama jibu ni "tunaagiza Dar", mashine itasimama wiki ileile maji yamefunguliwa.

Trekta

Ndoto ya trekta kwetu ni ya zamani, na imeshaligharimu taifa mara kadhaa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ikilenga zaidi ya ekari milioni 3. Mashine nyingi zilikuwa masalia ya vita, na baadhi ya matrekta yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Udongo wa Kongwa mvua ikikatika ulikauka ukawa mgumu kama tofali la kuchoma, na chembe za mchanga zikala meno ya majembe. Mpango ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza makumi ya mamilioni ya paundi. Baada ya uhuru tulijaribu tena kwa ukubwa mdogo: vijiji vya makazi mapya vilivyopewa matrekta na majengo kwa mkopo, ambavyo serikali iliacha kuvianzisha mwaka 1966 baada ya kuona gharama na madeni. Nyerere akawa anasisitiza hatua ya katikati, kutoka jembe la mkono kwenda plau la ng'ombe, na kiwanda cha zana za kilimo cha UFI pale Ubungo kikawa kinatengeneza majembe na plau.

Simaanishi trekta ni baya. Hanang, Kiteto, Mbulu na nyanda nyingine pana lilishakuwa zana ya kawaida, na jirani zetu wa Uasin Gishu na Trans Nzoia hawawezi kulima mahindi yao bila hilo. Swali la mkulima wa ekari tano ni moja tu: kukodi au kumiliki?

Fanya hesabu ya kumiliki. Tuseme trekta lililotumika lenye plau la diski ni milioni 35. Unalima kwa watu kwa 60,000 kwa ekari. Kulima ekari moja kunakula lita sita hadi nane za dizeli. Tuseme saba kwa 3,000, ni 21,000. Dereva 7,000. Oili, matairi, diski, matengenezo, tenga 10,000. Inabaki 22,000. Gawanya milioni 35 kwa 22,000: ni karibu ekari 1,600 kabla hujarudisha fedha yako, bila riba. Msimu wa kulima ni mfupi. Ukipata ekari 200 katika msimu, na hapo barabara ni nzuri na trekta halikuharibika, ni miaka minane. Wanaofanikiwa wana la ziada: tela la kubeba mazao, mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa na trekta, na mashamba yao wenyewe makubwa. Trekta linalolima tu linamla mwenyewe.

Ndiyo maana mwenye trekta anapenda shamba la ekari hamsini kuliko mashamba kumi ya ekari tano. Kwa tajiri anaingia mara moja, anageuka mara chache. Kwa maskini kuna visiki, kuna mipaka, kuna kuhama. Matokeo yake mwenye ekari tano analimiwa mwisho, mvua ya kwanza ikiwa imeshapita, kwa bei ileile au zaidi. Hapo trekta limekuja kijijini na umaskini umebaki pale ulipokuwa. Wakati mwingine umeongezeka, kwa sababu mwenye uwezo sasa anatamani na shamba la jirani.

Njia ya kulizunguka ni kuungana. Wakulima kumi wenye mashamba yanayopakana wakang'oa visiki vyao, wakakubaliana siku moja, wakamwita mwenye trekta kwa ekari arobaini kwa pamoja, wanakuwa mteja mkubwa. Wanaweza kudai bei na, muhimu zaidi, wanaweza kudai tarehe. Malipo yasitolewe yote kabla: nusu trekta likiingia shambani, nusu baada ya kupima. Na mpime kwa kamba au kwa simu yenye GPS, msikubali "ekari ya dereva".

Jambo moja la kiufundi. Diski ikipita kina kilekile kila mwaka, chini yake hujengeka tabaka gumu ambalo mizizi na maji havipenyi. Shamba linaloanza kutuama maji na mahindi yake kunyauka haraka jua likiwaka, huenda limefika hapo. Chimba shimo kwa jembe uone mizizi inapinda wapi. Ripa, ya ng'ombe au ya trekta, hupasua mstari wa kupandia tu bila kugeuza shamba zima. Karatu na Arumeru wapo waliolima hivyo miaka mingi, na hutumia mafuta au nguvu pungufu. Ila ukiacha kugeuza udongo, magugu hayafukiwi, kwa hiyo utapalilia zaidi au utanunua dawa ya magugu. Tunarudi palepale.

Mimi ningechagua hivi

Ekari moja au chini yake, au mteremko: jembe, na fedha iende kwenye zao lenye thamani.

Ekari tatu hadi nane za mvua, penye josho na pasipo ndorobo: maksai, bila kusita, kwa sharti kwamba kalitiveta inunuliwe siku moja na plau. Asiye na mtaji wa jozi nzima aanze na ng'ombe mmoja na kuungana na jirani mwenye mmoja. Usukumani hilo si geni.

Ukubwa uleule, lakini mahali pa ndorobo au pasipo malisho: trekta la kukodi kwa kikundi, na usiongeze hata robo ekari mpaka uwe na jibu la palizi. Fedha ambayo ungetumia kuongeza eneo, mlipe kibarua apalilie ulichonacho kwa wakati.

Mpunga wa umwagiliaji: pawatila ya kikundi kidogo, watu watano hadi kumi, wasizidi.

Kumiliki trekta ningemwachia mwenye ekari zake nyingi, au kijana mwenye ufundi anayelitazama kama biashara ya usafirishaji na kupukuchua ambayo pia inalima. Mkopo wa mfuko wa serikali au wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo ukipatikana, piga ile hesabu ya ekari 1,600 kwanza ukiongeza na riba, halafu tembelea wateja wako watarajiwa mmoja mmoja uhesabu ekari zao.

Kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinaomba pawatila au pikipiki ya mizigo kwa sababu ndivyo walivyoviona kwa wengine. Kikundi cha akina mama wa mashamba ya mvua kikiomba kalitiveta nne na jozi mbili za maksai, ombi lao litaonekana la kizamani mezani, na huenda likalipika mapema kuliko yote.

Kuhusu mashine ya kikundi, mambo machache yaandikwe kabla fedha haijatoka. Dereva awe mmoja, analipwa kwa ekari, na asiwe mwenyekiti. Zamu ipangwe kwa kura kila msimu, ili asiwe yuleyule wa kwanza kila mwaka. Kila ekari, hata ya mwanachama, ilipiwe fedha taslimu, na sehemu yake iende kwenye akaunti ya matengenezo ambayo haikopeshwi mtu, hata kwa msiba. Wanachama wamalize mashamba yao kwanza ndipo mashine itoke kulimia watu wa nje, hata kama wa nje wanalipa zaidi. Na jina la mashine kwenye risiti liwe la kikundi, pamoja na namba ya injini, nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji.